V8 ya New Site

Kama uko New Site hapa Juba, au Gudele, au Munuki, au umekwama kwenye foleni pale Custom na redio ya raksha, ile bajaji yetu, ndiyo inayokuliwaza, karibu tuzungumze.

Leo ni magari. Na nikisema magari sina maana ya Vitz ya teksi wala Hiace ya abiria. Nasema yale ambayo vijana wetu wameyaweka kwenye skrini za simu zao: Lamborghini, Ferrari, Bugatti, McLaren. Magari ambayo mlango unafunguka kwenda juu, injini inanguruma kabla gari halijaondoka, na bei yake ukitajiwa unaomba urudiwe. Kijana mmoja anayeziba pancha huku New Site alinitupia swali juzi, mkono bado umeshika pampu: "Mzee, Lamborghini ikiletwa hapa, itaishi?"

Nilimjibu kwa sentimita. Lamborghini halisi, ile ya watu wawili, tumbo lake liko sentimita 12 hivi kutoka ardhini. Sasa fungua geti lako utazame njia. Lori la maji limepita asubuhi likiwa limejaa, limepita tena mchana, na mvua imenyesha katikati. Pale magurudumu yake yalipozama pamebaki mifereji miwili, na kina chake hakipimwi kwa kidole. Gari lenye tumbo la sentimita 12 likiingia hapo halikwami tu, linakaa. Magurudumu yanabaki yananing'inia pande zote mbili kama miguu ya mtoto aliyekalishwa kwenye kiti cha baba yake.

Na hapa pana kichekesho ambacho Waitaliano wenyewe wanakijua. Ferruccio Lamborghini hakuanza na magari ya mbio. Alitoka kwenye familia ya wakulima, na mwaka 1948 alianza kutengeneza matrekta. Kampuni ya magari aliianzisha mwaka 1963, alipokwisha kutajirika kwa hayo matrekta. Kwa hiyo, msikilizaji, kazi ya kwanza ya mzee yule ingefika New Site bila taabu yoyote. Ni kazi yake ya pili, iliyompa jina duniani, ndiyo ambayo ingeishia kwenye kona ya kwanza.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba New Site haina magari ya kifahari. Inayo. Simama barabarani jioni uhesabu. Utahesabu V8.

Kwa msikilizaji wetu aliye mbali, V8 ni Toyota Land Cruiser toleo la 200, lililotoka mwaka 2007. Jina lenyewe ni la injini: silinda nane, nne kila upande. Iko ya petroli, na iko ya dizeli ya lita 4.5 yenye turbo mbili. Nchi hii ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, gari hilo lilikuwa ndilo gari la mwenye nchi. Waziri V8, jenerali V8, mkandarasi aliyepata tenda wiki iliyopita V8. Binamu yake ni Lexus LX 570, ambaye ni gari lilelile likiwa limevaa suti. Siku hizi imeingia na Mercedes ile ya mraba, G-Class, na wanaoagiza ya AMG wanalipia injini ya nguvu za farasi zaidi ya 570, ili liende mwendo wa miguu nyuma ya lori la maji.

Nendeni mkatazame V8 ikioshwa. Vijana wanaanza na paa, wanashuka kwenye vioo, wanatoa mikeka na kuianika kwenye uzio. Vioo ni vyeusi. Hata ukiweka uso karibu, unajiona mwenyewe. Rimu zinasuguliwa kwa mswaki, ndiyo, mswaki wa meno, tundu kwa tundu. Maji yenyewe yamenunuliwa kutoka kwenye lori, maji yaleyale ambayo mama wa nyumba ya pili amenunua kwa dumu na anayapimia watoto. Kazi ikiisha gari linang'aa kama limeshuka melini jana. Linatoka kwenye uwanja wa kuoshea, linaingia njia kuu, na kabla halijafika kona limeshakuwa jekundu tena hadi milangoni. Kesho litarudi. Nani alisema hakuna ajira Juba?

Sasa nikufundishe kusoma gari la Juba bila kuuliza mtu. Tazama usukani uko upande gani. Sudan Kusini tunaendesha kulia, tumerithi kutoka Khartoum. Uganda na Kenya wanaendesha kushoto, walirithi kwa Mwingereza. Magari yakivuka mpaka wa Elegu na Nimule yanabadilisha upande wa barabara, ila usukani haubadiliki. Kwa hiyo gari la mwenye kipato cha kawaida limetoka Japani likiwa limetumika, likashushwa Mombasa, likapita Kampala, likafika hapa na usukani wake wa kulia. Dereva wake akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Nimule haoni mbele. Abiria aliyekaa kushoto ndiye anayechungulia na kusema "twende" au "subiri". Uhai wa gari zima uko kwenye ulimi wa abiria. Gari la mkubwa, kwa upande wake, usukani uko kushoto, mahali pake, kwa sababu limenunuliwa Dubai, kwa Waarabu wanaoendesha kulia kama sisi. Liwe jipya, liwe limetumika, usukani umeshakueleza pesa ilipita njia gani.

Hiyo barabara ya Nimule nimeitaja, nisiipite hivihivi. Ni kilomita 192, ilijengwa kwa fedha za Marekani, ikakamilika mwaka 2012, na ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami katika nchi hii. Fikiria: nchi yenye mafuta, na lami yake ndefu ya kwanza ikaja mwaka mmoja baada ya bendera kupanda. Watu waliozoea kwenda Nimule kwa kuhesabu mashimo wakapewa ghafla mahali pa kukanyaga mafuta. Walikanyaga. Yako mabaki ya magari kando ya barabara ile yanayoweza kukusimulia.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Wenzetu wa Ulaya gari la nguvu wanalipima kwa mwendo: sekunde ngapi kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa. Huku kipimo hicho hakina kazi. Hakuna mahali New Site pa kufika kilomita 100 kwa saa, na ukifika, unaofuata ni msiba. Gari la nguvu la Juba halinunuliwi likimbie. Linanunuliwa lipite. Lipite kwenye maji, lipite kwenye matope, lipite kwenye kizuizi cha askari bila kuteremsha kioo. Amri ya kuondoa vioo vyeusi imetolewa zaidi ya mara moja mjini hapa. Wanaosimamishwa ni wenye magari ya kawaida kama Premio. Ukiwa na Premio unasimama, unashusha kioo, unatoa karatasi, unatoa na tabasamu. V8 nyeusi isiyo na namba ya usajili inapunguza mwendo kidogo tu, askari anainua kamba. Hajui nani yumo ndani, na kutojua huko ndiko kunakomfanya ainue haraka. Hiyo ndiyo nguvu ya farasi tunayoizungumzia. Haiandikwi kwenye karatasi za Toyota.

Na kupita kukiwa kugumu zaidi, gari linaongezewa mwili. Wapenda magari wa Ulaya na Marekani wana ufundi wao wa kurekebisha gari: turbo kubwa zaidi, ekzosi ya kelele, saspensheni ya kushusha chini. Sisi tunaujua ufundi mwingine, wa kuvalisha gari chuma. Karakana kubwa za kazi hiyo ziko Falme za Kiarabu. Land Cruiser inavuliwa mpaka mifupa, inawekwa mabati magumu ndani ya milango na nguzo, vioo vinawekwa vingine vinene, vya matabaka. Uzito unaongezeka kwa tani moja, wakati mwingine zaidi. Basi springi hubadilishwa, breki hubadilishwa, hata bawaba za milango, maana mlango wa gari kama hilo ukiusukuma kwa mkono mmoja unakurudishia salamu. Magurudumu hufungwa pete ndani ili gari liendelee hata yakitobolewa. Abiria wa nyuma hafungui kioo hata joto liwe vipi. AC ikifa, nawe unaokwa.

Mnakumbuka Julai 2016. Usiku wa tarehe 7, siku moja kabla ya mapigano kuzuka ikulu, magari mawili ya namna hiyo ya ubalozi wa Marekani yalipita karibu na ikulu, ndani mkiwa na wanadiplomasia 7. Askari wa kikosi cha ulinzi wa rais waliyamiminia risasi. Gari moja lilitoboka magurudumu na kuishia njiani. Hakuna aliyekufa. Land Cruiser ya kawaida usiku ule ingekuwa kaburi, na siku tatu nne zilizofuata wakazi wengi wa Juba hawakuwa na chuma cha kujificha ndani yake. Walikuwa na miguu, wakakimbilia kambi za Umoja wa Mataifa.

Upande wa waliomimina risasi nao ulivaa chuma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia silaha waliripoti mwanzoni mwa mwaka huohuo kwamba serikali ilinunua magari ya deraya zaidi ya 170 yaliyotengenezwa Falme za Kiarabu na kampuni ya Streit, ya aina mbili: Typhoon na Cougar. Sasa sikiliza vizuri. Ile Cougar, ukiivua chuma chake, chini yake utakuta fremu ya Land Cruiser, ile pikapu ya kazi. Gari la daktari na gari la vita, mama mmoja.

Nimesema la daktari kwa sababu huko nako kuna ufundi. Zile Land Cruiser nyeupe za mashirika, zenye milango ya nyuma miwili na antena ndefu kama fimbo ya kuvulia, nyingi hupitia Gibraltar, mwamba mdogo kule mlangoni mwa Bahari ya Mediterania. Pana kampuni huko, Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuyaandaa magari ya Toyota kwa ajili ya Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada: redio ya masafa marefu, winchi ya kujivuta, tangi la pili la mafuta, na lile bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa, ili gari likiwa majini injini isinywe maji. Umbo la gari lenyewe halijabadilika sana tangu 1984. Injini inayopendwa ndani yake ni dizeli ya lita 4.2, haina turbo wala kompyuta ya maana, na nguvu zake ni farasi 130 hivi. Mia na thelathini! Lamborghini Urus ilipotoka ilikuwa na 650. Lakini ukinipa safari ya Pibor mwezi wa nane, udongo mweusi umeshalowa na unashika gurudumu kama sima, sitakuuliza Urus iko wapi.

Tena hao wakubwa wa mbio wenyewe wameona. Lamborghini walitoa hiyo Urus mwishoni mwa 2017, gari refu, milango minne, na leo zaidi ya nusu ya magari wanayouza ni hilo. Rolls-Royce wakafuata na Cullinan mwaka 2018. Ferrari walijizuia sana, wakashindwa, mwaka 2022 wakatoa Purosangue. Tajiri wa London na wa Dubai naye anataka kukaa juu awatazame wengine chini. Walikuwa wapi siku zote? New Site tulianza zamani.

Pesa sasa. Hapa naomba utulie, maana ukizungumzia V8 bila kuzungumzia pesa umezungumzia rangi tu.

Mwaka 2018 serikali iliidhinisha dola milioni 16 ziwakopeshe wabunge 400 wanunue magari, dola 40,000 kila mmoja. Mwaka mmoja kabla, Februari 2017, njaa ilikuwa imetangazwa rasmi katika kaunti za Leer na Mayendit. Watumishi wa umma walikuwa wakidai mishahara ya miezi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mheshimiwa anahitaji usafiri ili awatembelee wapiga kura wake. Haya. Kuna majimbo ambayo hata hiyo V8 haifiki. Wapiga kura wake wako kwenye mitumbwi. Kuna watumishi waliokuwa wakienda kazini kwa miguu kutoka New Site hadi wizarani na kurudi, na hakuna aliyewauliza wanahitaji usafiri gani. Mkopo, tuliambiwa. Mwenye risiti ya marejesho anifikishie hapa studio, nitaisoma hewani kwa furaha.

Septemba 2016 taasisi ya The Sentry, ya mwigizaji George Clooney na John Prendergast, ilikuwa imeshatoa ripoti yake juu ya mali za viongozi wa pande zote za vita, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye picha ambazo jamaa zao walijipiga wenyewe na kuzitundika mtandaoni: majumba ya Nairobi na Kampala, magari ya kifahari. Hakuna mpelelezi aliyepanda ukuta. Gari la namna hiyo haliwezi kukaa kimya. Mwenye kulinunua kalinunua lionekane, na likionekana linaonekana kwa wote, hata kwa asiyealikwa.

Muulizeni Teodorín Obiang, mtoto wa rais wa Guinea ya Ikweta na makamu wake, nchi nyingine ya mafuta kama yetu. Waendesha mashtaka wa Uswisi walikamata magari yake Geneva mwaka 2016. Tarehe 29 Septemba 2019 magari 25 yalipigwa mnada na kampuni ya Bonhams kwenye klabu moja ya gofu karibu na mji huo, yakaleta takriban dola milioni 27, na makubaliano yalikuwa kwamba sehemu kubwa ya fedha iende kwenye miradi ya kijamii ya wananchi wa nchi yake. Mlikuwa na Lamborghini Veneno isiyo na paa, ambayo duniani zilitengenezwa 9 tu; peke yake ilipita faranga milioni 8. Mengi ya magari yale yalikuwa yametembea kilomita chache sana. Yaani hayakukimbia, na mwisho wake hata kupita hayakupita.

Nisije nikaonekana mzee mchungu asiyependa magari. Napenda. Nikiwa Nairobi nasimama kabisa kutazama nganya, zile matatu zilizochorwa ubavu mzima, taa za kila rangi, muziki unaotikisa kifua. Pale kijana fundi wa rangi, fundi wa taa na fundi wa spika wote wamekula kwenye gari moja, na mwananchi anapanda kwa nauli. Napenda vijana wa Subaru wa Kenya wanaotia turbo hadi jirani analalamika. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, nawaambia watu tazameni: magari ghali kabisa ya mbio, yakifika Afrika Mashariki, yanafungwa bomba la kuvutia hewa kama gari la shirika la misaada. Vumbi laini la fesh-fesh halijui bei. Na mshindi mwaka ule alikuwa Toyota, na mwaka uliofuata, na uliofuata.

Hapa Juba ufundi wa vijana umehamia kwenye raksha na boda boda. Pita kituoni jioni: pindo za plastiki kwenye usukani, vioo vya pembeni sita pale vinapohitajika viwili, kiti kimefumwa upya kwa ngozi ya bandia nyekundu, taa za bluu chini ya tumbo, jina la mama mgongoni. Kila pambo mwenyewe kalilipia kwa nauli, na ukimuuliza pesa ilitoka wapi anakujibu kabla hujamaliza swali.

Turudi kwa yule kijana wa pancha, maana alikuwa na swali la pili, na hili lilikuwa la kibiashara. Aliniuliza afanye mafunzo ya ufundi gani. Nikamwambia ajifunze injekta za dizeli. Toyota walisimamisha V8 mwaka 2021, wakaleta toleo la 300, na ndani yake hakuna tena silinda nane. Ziko sita, V6, ya petroli au ya dizeli. Watu wa Juba wanaliita V8 hivyohivyo, na muuzaji hawasahihishi. Zile za 2008, za 2012, za 2014 sasa zimeshuka kutoka kwa waziri kwenda kwa mkurugenzi, kutoka kwa mkurugenzi kwenda kwa mfanyabiashara wa saruji. Injini yake ya dizeli inarusha mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana kupitia vitundu vyembamba kama unywele, na adui yake ni uchafu na maji. Na sisi, nchi inayosafirisha mafuta ghafi kwa bomba hadi Port Sudan, dizeli yetu inarudi kwa lori kutoka pwani ya Kenya, zaidi ya kilomita 1,600, na sheli zikikauka inauzwa barabarani kwenye chupa za maji ya kunywa, imefunikwa kwa kipande cha nailoni. Mimina hiyo kwenye V8. Baada ya muda itaanza kutoa moshi mweupe asubuhi, itagonga, itakataa kuwaka, na mkubwa wa zamani atakuja kwa miguu gereji, kofia mkononi, kuuliza injekta nane zinagharimu kiasi gani.

"Zote nane?" aliniuliza yule kijana. Nikamwambia zote, maana ukibadilisha moja, hizo saba zilizobaki zilikunywa chupa ileile.

Taarifa ya habari inafuata.